Mume wangu ametoka hospitali lakini analala kutwa. Nimwamshe?

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sombetini hapa Arusha, nauza nyanya na hoho Soko la Kilombero. Mume wangu ni dereva wa watalii. Maisha yake ni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, nyumbani anapita kubadilisha nguo tu. Mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali, alirudi safari akiwa na homa na kichomi upande wa kulia. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakasema ni nimonia. Malaria walipima kwa kile kipimo cha haraka, hakuna. Akalazwa, akachomwa sindano, kisha akaruhusiwa na vidonge vya kumalizia nyumbani.

Homa imekatika na kikohozi kinapungua. Kinachonitisha ni usingizi. Anaamka saa mbili, anakunywa uji, saa nne ameshalala tena. Namwamsha saa saba ale, anakula vijiko vichache, analala. Usiku ndiyo anageukageuka, mara ameamka amelowa jasho, mara anaomba maji. Huyu mwanaume namfahamu: alikuwa anatoka Seronera mpaka Arusha bila kusinzia, akifika anakaa na watoto mpaka walale wao. Sasa watoto wakimsogelea anawafukuza. Mimi nikimuuliza kitu ananijibu neno moja.

Mama mkwe amekuja kutoka Machame kutusaidia. Namshukuru kwa mtori anaotupikia, lakini kila siku ananiambia nisimwache mwanawe alale mchana, kwamba mgonjwa wa kulala mchana anauita ugonjwa urudi. Basi nampikia kahawa nzito asubuhi na mchana. Anakunywa, anakaa macho kwa muda akiwa mkali, kisha anaanguka tena. Shemeji yangu anasema ni uvivu, kaka yake ameonja kukaa nyumbani. Jirani naye kaniongezea hofu: huko porini kuna mbung'o, na mtu anayelala hivi ana malale. Mwenye kampuni anapiga simu kwa sababu msimu wa wageni umeanza, anataka kujua lini anarudi kwenye usukani.

Na mimi nimechoka, dada. Usiku naamka kumbadilishia shuka, saa kumi alfajiri natakiwa niwe sokoni magari ya nyanya yanaposhusha. Mafua hayanitoki tangu alipolazwa, viungo vinauma, na juzi nimelia mbele ya wateja bila sababu.

Naomba unieleze: usingizi huu ni wa kawaida? Nimwamshe au nimwache? Kuna kitu kwenye damu yake kinachomlaza?

Mama Wawili, Arusha

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza. Nimesoma barua yako nikaona wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja, na mmoja wao hakuna anayemhesabu. Nitamfikia.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Ndiyo, kwenye damu yake kuna kitu kinachomlaza, na kimetengenezwa na mwili wake mwenyewe.

Bakteria walipoingia kwenye pafu la mumeo, seli za kinga zilizokutana nao kwanza zilitoa protini ndogo sana zinazoitwa saitokini. Hizo haziui bakteria, hupeleka habari. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na saitokini ndiyo mbiu ya mwili: ikilia, seli nyingine za kinga hukimbilia pafuni, joto hupanda, na ubongo nao husikia. Habari hufika ubongoni kwa njia ya damu, na pia kwa neva ndefu iitwayo vagasi inayounganisha kifua na tumbo na kichwa. Ubongo ukishasikia, hubadilisha mambo bila kumuuliza mwenye mwili. Hamu ya chakula hushuka, viungo huuma, usingizi huja.

Watu walianza kuitafuta siri hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1909 kule Japani Kuniomi Ishimori, na mwaka 1913 kule Paris René Legendre na Henri Piéron, waliwanyima mbwa usingizi, wakachukua majimaji kutoka kwenye ubongo wao na kuwadunga mbwa waliopumzika vizuri. Hao waliopumzika wakalala. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya majimaji yale, ila hakuna aliyejua ni nini. Miaka ya 1960 John Pappenheimer wa Chuo Kikuu cha Harvard akaifufua kazi hiyo kwa kutumia mbuzi, na baadaye yeye na wenzake wakachuja maelfu ya lita za mkojo wa binadamu wakisaka kitu hicho hicho. Walipokipata, mwaka 1982, kikawashangaza: kilikuwa kipande cha ukuta wa bakteria, kitu ambacho mwili wa mnyama hauwezi kukitengeneza. Kipande cha mdudu kinawezaje kuleta usingizi? Jibu likaanza kuonekana mwaka 1984, James Krueger na wenzake walipoonyesha kwamba intalukini-1, saitokini ambayo seli za kinga huitoa zikikutana na vipande kama hivyo, huwaletea sungura usingizi mzito. Baadaye ikaongezeka nyingine inayofahamika kwa herufi tatu, TNF. Kinachonigusa zaidi ni hiki: ukizizuia saitokini hizi mbili kwa mnyama ambaye haumwi chochote, analala kidogo kuliko kawaida yake. Maana yake hata usiku ambao wewe ni mzima kabisa, kinga yako ina mkono kwenye usingizi wako. Ugonjwa unapokuja, mkono huo unakuwa mzito tu.

Mbona basi usiku hapati usingizi? Kiasi ndicho kinachoamua. Saitokini zikipanda kidogo, usingizi unakuwa mzito zaidi. Zikipanda sana, usingizi hukatikakatika, mgonjwa akalala vipande vipande usiku na mchana. Na usingizi wa ndoto hupungua, jambo lenye sababu yake, kwani mtu akiwa katika usingizi wa aina hiyo mwili hautetemeki kwa baridi, na bila kutetemeka homa haipandi vizuri. Halafu kuna saa ya mwili. Homoni ya kotisoli, ambayo hutuliza kinga, huwa chini kabisa mwanzoni mwa usiku na hupanda kuelekea alfajiri. Ndiyo maana kila anayeuguza huona mgonjwa amechangamka asubuhi, jua likizama hali inabadilika.

Na mwili unafaidika nini? Nguvu. Joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, mwili hutumia nishati zaidi kwa karibu asilimia 10 au kuzidi kidogo. Mtu asiyekula vizuri ataitoa wapi, kama si kwa kuacha kutembea, kuacha kazi na kulala? Linda Toth na Krueger waliwaambukiza sungura bakteria, wakaona wale waliolala sana na kwa muda mrefu walipona kwa wingi kuliko wale ambao usingizi wao ulikatika mapema. Hilo peke yake halithibitishi kwamba usingizi ndio uliowaponya, lakini mimi nikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, ningekuwa upande wa usingizi.

Kuhusu homa iliyokatika: bakteria wakiisha, pafu linabaki na kazi ya kujisafisha na kujijenga, na mbiu haizimi siku ile ile. Kwa watu wengi waliougua nimonia, kifua hupata nafuu ndani ya mwezi mmoja, kikohozi na pumzi hutulia baada ya wiki sita hivi, na uchovu unaweza kuwepo hata miezi mitatu. Kwa hiyo shemeji yako umwambie kwa upole kwamba uvivu hauonekani kwenye picha ya kifua, nimonia ilionekana.

Sasa kahawa. Ninajua wewe ni mkwe wa Machame, na kahawa kule si jambo la kuligusa ovyo. Lakini saitokini hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuongeza adenosini ubongoni, ile kemikali inayojikusanya kadiri tunavyokaa macho na kutufanya tusinzie. Kahawa haiondoi adenosini. Inakaa tu mahali ambapo adenosini ingeshika, kwa saa kadhaa, kisha inaachia. Ndiyo maana anakunywa, anakuwa macho na mkali, halafu anaanguka. Na kile kikombe cha mchana bado kinafanya kazi jioni, kikiuharibu usiku ambao tayari ni mbovu. Mwachie kikombe kimoja chepesi asubuhi kama anakipenda. Cha mchana kiache.

Ukali wake kwako na kwa watoto nao una asili hiyo hiyo. Mwaka 1988 daktari wa mifugo Benjamin Hart aliandika kwamba mnyama mgonjwa kujitenga, kukataa chakula na kulala ni mpango wa mwili wa kupambana na maambukizi, na tafiti zilizofuata zimeonyesha saitokini zinashiriki humo. Mfugaji yeyote wa Monduli atakuambia mbuzi anayeumwa haendi na wenzake. Mumeo hajakuchoka wewe, mdogo wangu, na hajawachoka watoto. Wape dakika chache za kumsalimia asubuhi anapokuwa na nguvu, wasikae naye jioni.

Mama mkwe ana sehemu ya haki, na ningependa umwambie hivyo mbele ya mumeo. Mtu aliyetoka nimonia hatakiwi kushinda amelala chali. Mapafu yanataka kukaa, kuvuta pumzi ndefu, kutembea kidogo, na misuli hulegea haraka kitandani. Basi gawanyeni siku. Asubuhi akishakunywa uji, atoke nje akae kwenye jua, atembee mpaka getini na kurudi, apate kukohoa makohozi. Akisinzia baada ya hapo, alale, na asiamshwe kwa kelele. Alale tena baada ya chakula akitaka, ila ikifika saa tisa alasiri aamshwe taratibu, akae na watu mpaka jioni ili usiku upate usingizi wake. Mtori uendelee, na vidonge amalize vyote hata akijisikia amepona. Angalia pia ni dawa gani nyingine anakunywa. Zile za mafua na kikohozi zenye klorofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, zinalaza zenyewe, na nyumba nyingi hazijui.

Kuna neno moja kwenye barua yako limenisimamisha: jasho. Unasema homa imekatika, lakini anaamka amelowa. Nunua kipimajoto duka la dawa, umpime jioni na usiku kwa siku chache, uandike. Ikifika nyuzi 38, homa haijakatika, imejificha usiku tu, na anatakiwa kurudi hospitali sasa hivi bila kusubiri tarehe ya kliniki. Hata kama haifiki hapo, mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi na jasho la usiku anapaswa kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na kupima VVU ni sehemu ya safari hiyo hiyo. Vipimo hivyo kwenye vituo vya serikali ni bure. Sikutishi. Nimonia yenyewe huweza kuacha jasho, ila jambo hili halipimwi kwa macho.

Malale, sidhani. Ugonjwa huo kwa upande wetu wa Afrika Mashariki huenda mbio, ndani ya wiki au miezi michache, na huja na homa zinazotoka na kurudi, maumivu makali ya kichwa, tezi kuvimba, pengine kidonda pale mbung'o alipouma, kisha kuchanganyikiwa. Usingizi wake hupinduka, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku, na watafiti waliopima maji ya uti wa mgongo ya waliozidiwa walikuta prostaglandini D2 imepanda, moja ya kemikali zinazoleta usingizi ambazo kinga huzitumia. Unaona kwa nini jirani amechanganya. Lakini mtu anayeshinda Tarangire na Serengeti anastahili kuondolewa shaka, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuona vimelea vya malale. Mkirudi hospitali, mwambieni daktari kazi yake na mbuga alizopita, mwombe damu iangaliwe kwa hadubini. Wanaweza kuona malale na malaria kwenye kioo kimoja.

Mambo ambayo hayasubiri kesho ni haya: ukimwamsha asiamke vizuri, akiongea vitu visivyoeleweka, shingo ikikakamaa, akipata degedege, akihema haraka au kwa shida, au midomo ikibadilika rangi. Hapo tafuta gari, hata kama ni saa nane usiku.

Sasa wewe. Unalala baada ya watoto, unaamka kubadilisha shuka, saa kumi uko Kilombero. Mwaka 2009 Sheldon Cohen na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 153 wazima ambao kwanza waliulizwa usingizi wao, kisha wakadondoshewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walipata mafua karibu mara tatu zaidi ya waliolala saa 8 au zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2003 uliwachanja watu dhidi ya homa ya ini aina ya A: waliolala usiku uliofuata chanjo walikuwa, wiki nne baadaye, na kingamwili karibu mara mbili ya waliokesha. Na mtu anayekosa usingizi hupandisha saitokini nyingine, intalukini-6, ambayo huenda sambamba na uchovu wa mwili mchana. Mafua yako, viungo vyako na machozi yako ya sokoni yana maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni usingizi unaoudai.

Kwa hiyo zungumza na mama mkwe, kwa heshima, kama mtu unayemwomba kitu kikubwa. Mwambie: mama, naomba unishikie usiku. Alale yeye chumba cha karibu na mwanawe usiku mmoja na wewe usiku unaofuata, shuka kavu na maji viwekwe karibu na kitanda ili mgonjwa mwenyewe ajisaidie anapoweza. Shemeji anayeona kuna uvivu ndani ya nyumba, mpe nafasi ya kuonyesha bidii: aende yeye sokoni alfajiri angalau siku mbili za wiki kupokea nyanya, wewe ufike saa mbili. Na kama mafua yako yataendelea baada ya kulala vizuri, nenda ukapimwe na wewe.

Mwenye kampuni aambiwe ukweli. Mtu anayesinzia saa nne asubuhi hawezi kubebeshwa wageni kwenye barabara ya Makuyuni, na hili sitalilegeza kwa sababu ya msimu. Kama mumeo ni mwajiriwa aliyetimiza miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi apeleke cheti cha daktari. Ombeni cheti hicho siku ile ile ya kliniki. Kama analipwa kwa safari bila mkataba, sheria hiyo haitamfikia kwa urahisi, na hapo mwambieni mwenye kampuni mapema atafute dereva wa kushika safari za karibuni, ili nafasi ya mumeo ibaki na maelewano. Tarehe ya kurudi kazini itoke kwa daktari, isitoke kwenye simu.

Majibu ya makohozi na ya damu yakitoka, niandikie tena, uniambie na kipimajoto kilisema nini.